Faida na Ardhi Zilitangulia Dini
Maelezo ya kwa nini Waingereza walihamia Amerika yanayoanza na walowezi wa Plymouth, yaani Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la Uingereza, huficha sababu iliyotangulia, kwa kuwa Jamestown, koloni la Waingereza huko Virginia, ilianzishwa mwaka 1607, miaka 13 kabla yao, na Kampuni ya Virginia, ambayo mtaji wake ulichangwa na wanahisa waliotarajia kugawana faida. Dhahabu waliyoitumainia haikupatikana. Kilicholiokoa koloni ni tumbaku, iliyopandwa kwa majaribio na mlowezi John Rolfe, na zao hilo, ambalo huchosha udongo upesi, likadai ardhi mpya na mikono mingi. Ndiyo maana tangu 1618 aliyegharamia safari ya mtu mmoja kwenda huko aliahidiwa ekari 50, na maskini wengi wa Uingereza, ambako ajira ilikuwa haba, walivuka Atlantiki kwa mkataba wa kutumika miaka kadhaa bila ujira. Ni dhuluma kuisimulia historia hii bila kutaja kwamba ekari hizo zilikuwa za Wapowhatan, wenyeji wa eneo hilo, na kwamba Waafrika kutoka Angola, waliofikishwa Virginia mwaka 1619 na kubadilishwa kwa vyakula, hawakuichagua safari hiyo.