Ukimya wa King'ora Si Usalama

Mafundi wetu vijana wanastahili pongezi. Kwa vipuri vichache vya bei nafuu hutengeneza king'ora kisichotumia waya: kitambuzi mlangoni, kipokezi ndani, honi darini. Katika kata kama Simbo, ambako duka la dawa au ofisi ya kijiji haimudu gharama za kampuni ya ulinzi, ubunifu huo ni neema. Hata hivyo, anayekabidhi mali ya umma kwa chombo hana budi kuujua udhaifu wake.

Vingi vya vyombo hivi hutumia masafa ya megahezi 433, na hurusha msimbo ule ule kila siku. Aliyeunasa msimbo wa rimoti mara moja anaweza kuurudia usiku na kukizima king'ora kana kwamba ndiye mwenye mali. Mwingine huvuruga masafa hayo kwa kelele, na taarifa ya mlango kufunguliwa ikamezwa humo. Wala kasoro hii si ya mafundi wa mitaani peke yao: mwaka 2016, Andrew Zonenberg wa kampuni ya IOActive alionyesha kwamba hata mfumo wa SimpliSafe, uliouzwa madukani Marekani, ungeweza kuzimwa kwa kurudiwa mawimbi yaliyonaswa.

Kubwa zaidi ni ukimya. Mlango ukiwa umefungwa, king'ora kimya. Betri ya kitambuzi ikifa, kimya. Masafa yakivurugwa, kimya vilevile. Hali tatu, jibu moja, nasi tunalala tukiamini ni amani. Mlinzi wa usiku si hivyo: akiitwa asiitike, jirani huamka. Kutoitika kwake ni taarifa tosha.

Fundi aige busara hiyo: kitambuzi kijiripoti kila baada ya dakika chache, na kisiposikika, honi ilie. Msimbo ubadilike kila unapotumwa. Mlango mkuu ufungwe kwa waya inapowezekana. VETA iyafundishe haya, na halmashauri iyadai kwa maandishi kabla ya kulipa.

Na tusimwachishe kazi mlinzi wa zahanati kwa sababu tumenunua honi. Dawa zikiibwa, atakayelipa si aliyesaini hati ya malipo, bali ni mama atakayefika asubuhi na mtoto mwenye homa, akute rafu tupu.