Wasee, hiyo piano ya huzuni imetosha

Wiki hii nimetumiwa biti nane nizisikize. Saba zinaanza vile vile: piano ya polepole imezama kwenye mwangwi, vayolini zinapanda, alafu BUUUM, kama trela ya sinema ya vita. Na wimbo wenyewe ni wa msee ameachwa na dem wake huko Umoja. Ai, zi.

Sijasema piano za kompyuta ni mbaya. Ni kazi ya ajabu. Mtu huketi kwa piano halisi, anagonga kila noti mara nyingi, kuanzia kuigusa tu hadi kuipiga kwa hasira, na maikrofoni zinanasa yote. Ndio maana Keyscape inakula GB 77 za diski yako, na BBC Symphony Orchestra Professional ya Spitfire Audio inataka GB 600. Na hapo hujachukua ala peke yake, umechukua na chumba. Hiyo orkestra ilirekodiwa studio za Maida Vale, London. Kila ukibonyeza noti, ukuta wa London unaitika.

Shida yangu ni hii imani yenu kwamba bila hizo GB wewe si prodyuza. Mnachoma bando usiku kucha mkishusha za wizi, laptopu inaingia virusi, na mwisho wa siku unatumia sauti ya kwanza kwenye orodha, ile kila mtu anatumia. Na msiniambie ni kukosa pesa. Salamander Grand Piano ni ya bure kabisa. Ni Yamaha C5 iliyorekodiwa kwa viwango 16 vya nguvu ya kidole. Inakutosha miaka mitano. Ujuzi ndio haushuki na bando.

Najua mtasema, "Lakini mteja anataka sauti ya sinema." Sawa, tuongee sinema. The Constant Gardener ilitoka 2005, filamu kubwa ya kimataifa iliyopigwa hapa kwetu. Ndani yake kuna Ayub Ogada na nyatiti yake. Watu wa sinema wenyewe walitaka nyuzi za Wajaluo, na wewe, mtoto wa Nairobi, unatafuta vayolini za London ndio usikike mkubwa. Nani amelala hapo?

Sasa tupige hesabu. Piano ina noti 88. Nyatiti ina nyuzi nane. Rekodi kila uzi kwa nguvu nne tofauti, kila nguvu mara tatu: jumla ni rekodi 96. Ongeza ile pete ya chuma ambayo mchezaji huvaa kwenye kidole gumba cha mguu akigonga nayo mbao, ongeza njuga. Hiyo ni kazi ya alasiri moja kwenye chumba kilichojaa nguo na magodoro. Ukimaliza unazipanga ndani ya Decent Sampler, ambayo pia ni ya bure, na umepata ala ambayo hakuna mtu mwingine duniani anayo kwenye laptopu yake.

Lakini mlipe mzee anayecheza. Andikianeni, hata kama ni karatasi moja: sauti itatumika wapi, na ikiuzwa yeye anapata ngapi. Usimfanyie yule mzee kile unacholia promota anakufanyia wewe.

Kwa sababu tukilala, najua vile itaenda. Mtu atashuka JKIA na maikrofoni safi, atarekodi kila kitu kwa wiki moja, atapachika picha ya simba hapo mbele, na atatuuzia nyatiti yetu kwa dola. Na nyinyi, vile nawajua, mtaenda kutafuta ile ya wizi.

Kwa hivyo biti inayofuata ukinitumia, nisikie chumba chako. Hata kama kuna matatu inapiga honi kwa mbali, acha ipige.