Kompyuta Ikipata Joto: Tupime Kwanza, Tuhukumu Baadaye

Miongoni mwa lawama zinazotolewa dhidi ya mifumo endeshi huria ya kompyuta, hasa ile ya jamii ya Linux, iko moja isikikayo mara kwa mara: kwamba mifumo hiyo huzichemsha kompyuta mpakato. Mtu huuweka mfumo katika mashine yake, feni huanza kuvuma, upande wa chini hupata joto hata mashine haipakatiki, na hukumu hutolewa papo hapo: mfumo ni mbovu, urudishwe ule wa awali. Wengine huenda mbali zaidi, wakaitia mashine yenyewe stoo kana kwamba imekwisha kufa. Maoni ya makala haya ni kwamba hukumu ya namna hiyo si ya kisayansi. Joto hupimika, lina chanzo chake na njia yake ya kutokea. Anayehukumu kabla ya kupima anakisia tu, na shule yenye mashine chache haiwezi kumudu makisio.

Yafaa kwanza tukumbuke joto hilo latoka wapi. Prosesa, yaani kile kipande cha silikoni kifanyacho hesabu zote, haiinui mzigo wala haizungushi gurudumu. Kwa hiyo karibu nishati yote ya umeme inayoingia humo hugeuka kuwa joto. Prosesa ya kompyuta mpakato nyembamba aghalabu huundwa kwa wati 15 hivi. Kiasi hicho huonekana kidogo, lakini na tufanye hesabu. Pasi ya umeme ya wati 1000, yenye bapa la sentimita za mraba 200, hutoa wati 5 kwa kila sentimita ya mraba. Wati 15 zikitoka katika kipande cha silikoni chenye eneo la sentimita ya mraba moja na nusu, ni wati 10 kwa kila sentimita ya mraba, maradufu ya pasi. Basi si ajabu prosesa kupata joto. La ajabu ni kwamba haiungui.

Haiungui kwa sababu joto limetengenezewa njia. Juu ya prosesa limelazwa bati la shaba, na kati ya viwili hivyo hupakwa mchanganyiko mzito, mfano wa dawa ya meno, ili kusibaki nafasi ya hewa. Kutoka hapo bomba la shaba hulichukua joto hadi kwenye mapezi membamba ya chuma, na feni hupitisha hewa ya chumbani kati ya mapezi hayo. Ieleweke kwamba kinachosukuma joto nje ni tofauti iliyopo kati ya joto la prosesa na joto la hewa. Ikiwa katika chumba chenye nyuzi 20 za Sentigredi prosesa hufikia nyuzi 70, basi kwa kazi ileile na feni ileile, katika darasa la Tanga au Mombasa lenye nyuzi 32, itakaribia nyuzi 82. Hakuna mfumo endeshi uwezao kulifuta ongezeko hilo. Prosesa nyingi zimewekewa mpaka karibu na nyuzi 100: zikiukaribia hupunguza kasi zenyewe, na zikiuvuka mashine hujizima. Dalili ya mvua ni mawingu. Kompyuta inayokuwa nzito ghafla, au inayojizima katikati ya kazi, yatuambia tuitazame hali ya joto lake.

Kutokana na maelezo haya twaona kwamba joto likizidi sababu ni moja kati ya mbili, au zote mbili pamoja: ama linazalishwa mno, ama linatoka kwa shida. Kazi ya mchunguzi ni kuzitenganisha. Hapa ndipo mfumo huria unapostahili sifa badala ya lawama, kwa kuwa vipimo vyake viko wazi kwa kila mtu. Katika Linux, joto husomwa kama maandishi ya kawaida ndani ya faili. Amri

cat /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp

hutoa namba kama 52000, maana yake nyuzi 52, kwa kuwa namba hiyo huhesabiwa kwa elfu za nyuzi. Mashine huweza kuwa na vipimajoto kadhaa. Faili jirani liitwalo type hutaja kila kimoja ni cha nini. Amri ya top nayo huorodhesha programu zinazofanya kazi na sehemu ya nguvu za prosesa ambayo kila moja inaila.

Mashine na iachwe ipumzike dakika 10 bila kazi, kisha visomwe vipimo vyote viwili. Ikiwa joto ni kali na top yaonyesha programu moja imeng'ang'ania prosesa, chanzo kimejulikana: programu hiyo ifungwe, na joto litazamwe tena. Ikiwa prosesa imetulia lakini joto bado ni kali, shaka ielekezwe kwenye njia ya kutokea. Huenda matundu yamezibwa na shuka au kitambaa cha meza, mapezi yamejaa vumbi, au ule mchanganyiko wa juu ya prosesa umekauka. Ikiwa hakuna hata moja la haya, na ichunguzwe chipu ya picha. Baadhi ya kompyuta mpakato zina chipu mbili za namna hiyo, moja ndogo na moja yenye nguvu, na ile yenye nguvu huweza kubaki ikila umeme hata isipohitajika.

Mwisho, mipangilio ya umeme itazamwe. Umeme unaotumika katika kuwasha na kuzima transista za prosesa hulingana na kasi yake ukizidisha kwa kipeo cha pili cha volti. Kasi na volti zikipunguzwa kila moja kwa asilimia 10, umeme huo hubaki 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.729 ya ule wa kwanza. Tumepoteza sehemu moja ya kumi ya kasi, tukaokoa zaidi ya robo ya joto.

Hata hivyo haki yataka tukubali kwamba lawama yenyewe si uzushi mtupu. Watengenezaji wengi wa kompyuta hujaribu mashine zao kwanza kwa mfumo wa kibiashara wanaouza nao, na yaliyo ndani ya Linux nayo hukosewa. Mwezi wa Machi 2011 lilitolewa toleo la 2.6.38 la kiini cha mfumo huo. Punde kukawa na malalamiko kwamba baadhi ya kompyuta mpakato zinakula umeme kuliko zamani. Na kila wati iliyozidi huishia kuwa joto. Michael Larabel, wa tovuti ya Phoronix, hakuishia kwenye malalamiko. Alipima umeme ulioliwa na mashine kwa matoleo mbalimbali, akiyagawa mabadiliko nusu kwa nusu hadi akalipata badiliko lenyewe. Mwanafunzi wa hesabu ataona uzuri wa njia hiyo: mabadiliko 1000 huhitaji majaribio 10 tu, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 10 ni 1024.

Kosa likaonekana. Zile njia zinazounganisha prosesa na vifaa vingine ndani ya mashine zina uwezo wa kupumzika pasipo na data ya kupita. Toleo jipya lilikuwa likiuzima uwezo huo kabisa katika mashine ambazo programu yake ya kuwashia ilitangaza kuwa haupo, ingawa wakati mwingine programu hiyohiyo ilikwisha kuuwasha. Matthew Garrett, mmoja wa waandishi wa kiini cha Linux, aliandika marekebisho, nayo yakaingia katika matoleo ya mwaka 2012. Funzo ni wazi. Mfumo ulikosea kweli, lakini kosa lilipatikana kwa kupima, na liliweza kusahihishwa hadharani kwa sababu maandishi ya mfumo huo hayakufichwa.

Wako watakaosema kwamba mwalimu si fundi, na kwamba vipindi vimejaa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haizuii tunalopendekeza. Kusoma joto hakuhitaji bisibisi. Kuifungua mashine ndiyo kazi ya fundi, kwani betri ya lithiamu ikichomwa au kupindwa huweza kuwaka moto; mwanafunzi asiiguse. Bali kuandika joto kila dakika, mashine ikiwa imepumzika, kisha ikiwa kazini, kisha ikipoa, na kuchora grafu ya vipimo hivyo, ni somo kamili la fizikia lisilohitaji kununua kifaa chochote. Mkunjo wa kupoa utakaochorwa ni ule alioueleza Newton: kushuka upesi mwanzoni, na polepole kadiri joto linavyokaribia lile la chumba.

Na ikiwa bado mfumo endeshi washukiwa, upewe kesi ya haki. Mashine ileile, chumba kilekile, kazi ileile, ipimwe chini ya mifumo yote miwili. Ikiwa joto ni sawa, mfumo hauna hatia. Ikiwa limetofautiana, mchunguzi amepata ushahidi wa kuwapelekea wanaoutunza mfumo huo, nao wataweza kuufanyia kazi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba nchini Tanzania, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa na wenzake, na mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliposikia swali hilo baadaye hakucheka. Aliagiza lipimwe maabarani, na mwaka 1969 wawili hao wakalichapisha. Wanasayansi wanaendelea kubishana juu ya jambo hilo, lakini wanabishana kwa vipimo.

Mwanafunzi atakayesema kompyuta ya shule inachemka naye astahili jibu la namna hiyo. Asiambiwe kwamba mfumo ni mbovu, wala kwamba mashine imezeeka. Aulizwe: ni nyuzi ngapi, katika chumba chenye nyuzi ngapi, na ikifanya kazi gani? Akiweza kuyajibu hayo matatu, huenda mashine ikapona. Na hata isipopona, yeye atakuwa amejifunza kupima kabla ya kuhukumu.