Kicheko cha Msibani Hatukukiazima



Katika vikao vyetu huku ughaibuni tumechoka kusikia kwamba riwaya za usasaleo ni upuuzi wa Wazungu: eti zinacheka mauti, zinakejeli kila kitu, hazina adabu. Tunasema wazi kuwa hoja hiyo haina mashiko.

Tuanze na huyo Mzungu mwenyewe. Kurt Vonnegut, Mmarekani, alikuwa mateka wa Wajerumani mjini Dresden wakati ndege za Uingereza na Marekani zilipouteketeza mji huo Februari 1945. Yeye na wenzake walinusurika ndani ya ghala la nyama, chini ya machinjio. Kisha wakalazimishwa kufukua maiti kwenye vifusi. Riwaya yake, Slaughterhouse-Five, ilitoka mwaka 1969, zaidi ya miaka 20 baadaye, na msomaji huicheka huku koo limembana. Je, mtu huyo aliwadharau wafu? Aliwabeba! Alichokikejeli ni maneno matamu ya vita, yale yanayoyavika mauaji kilemba cha ushujaa.

Sasa turudi kwetu. Nani asiyewajua watani? Msiba ukitokea huja wakamtania marehemu na wafiwa, wala hakuna anayewafukuza, kwa sababu mara nyingi ndio hao hao wanaoshika majembe na kuhudumia mazishi. Kazi yao ndiyo kibali chao. Naye Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), amemtoa babu kaburini aje kumwandama mjukuu wake, K, aliyeshiba ilhali nchi inaangamia. Mzimu wa babu kumsumbua mjukuu mkosefu, hilo nalo tumeliazima London?

Hatusemi kwamba kila kejeli ni njema. Ipo ya mtu aliyekaa kando, asiyepoteza chochote. Hiyo sisi wa ughaibuni tunaijua sana: tunacheka mgao wa umeme na foleni za maji za nyumbani kana kwamba hatuna mama wala shangazi anayebeba ndoo hizo. Kama ni kukemea, tuikemee hiyo.

Basi kabla ya kumhukumu mwandishi kwa kicheko chake, tumuulize swali moja tu: jembe umelishika? Akiwa amelishika, tumwache acheke, nasi tuwe na ujasiri wa kucheka naye.