Hata Gamondi tulimgunia

Mchambuzi anasema kocha mpya asiye na jina hafai Yanga. Amesahau mapema mno. Mwaka 2023 kocha Nabi aliondoka akiwa ametufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, akaja Miguel Gamondi. Kijiweni tukaguna: Muargentina gani huyu? Mimi nami niliguna, kikombe cha kahawa mkononi. Novemba 5 Simba akala tano kwa moja, kijiwe kizima kikamjua kwa jina. Ubingwa wa 2023/24 ukabaki Jangwani, kwetu Yanga.

Novemba 2024 tukafungwa na Azam, kisha Tabora United, naye Gamondi akaonyeshwa mlango. Ramovic aliyemrithi hakumaliza hata miezi mitatu, akaenda zake Algeria. Sasa ndugu yangu mchambuzi, unataka tumhukumu mwingine kwa mechi mbili? Kaitazame tena ile mechi ya tano kwa moja.