Rwanda: Kodi ni ya lazima, lakini mzigo aubebe nani?

Mapema mwaka 2025, Uingereza na Ujerumani zilisitisha sehemu ya misaada yao kwa Rwanda, zikitaja vita vya mashariki mwa Kongo. Serikali isiyo na mapato yake yenyewe huishi kwa hisani ya wengine.

Kwa hiyo, mjini Kigali swali si iwapo kodi inahitajika, bali nani aibebe. Kodi ya mishahara hufuata uwezo: mshahara usiozidi faranga 60,000 kwa mwezi hautozwi, na kiasi kinachozidi 200,000 hutozwa asilimia 30. Kodi ya ongezeko la thamani haitambui tofauti hiyo. Tangu simu za mkononi ziondolewe msamaha mwaka 2025, tajiri na mwendesha pikipiki ya abiria hulipa asilimia 18 ile ile.

Tangu 2024, mnunuzi anayedai risiti ya kielektroniki hurudishiwa asilimia 10 ya kodi hiyo. Ni hatua njema, ila anunuaye vingi ndiye arudishiwaye nyingi.

Haki ya kodi haipimwi kwa kilichokusanywa pekee. Hupimwa pia kwa kinachobaki mfukoni mwa aliyelipa.