Izmir, Mji Uliobandikwa Jina



Wapenzi wasomaji, juma lililopita, baada ya sala ya Ijumaa, mama mmoja wa mtaani petu alitungoja kwenye baraza ya madrasa. Mwanawe, ambaye alianza juzuu ya Amma mikononi mwetu, amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu katika mji wa Izmir, nchini Uturuki. Nyumba ilijaa furaha, mpaka jamaa mmoja alipoeleza kwamba Waturuki wenyewe wana jina lao la mji huo: Gâvur İzmir, yaani Izmir ya makafiri. Baba wa kijana alikwisha tangulia mbele ya haki, na uamuzi umebaki kwa mama peke yake. "Maalim," akatuambia, "mtoto huyu nimemlea kwa tabu na kwa dini. Nimpeleke kwa mkono wangu mwenyewe mahali penye jina kama hilo?"

Hatukumjibu papo hapo. Mtu akiulizwa jambo la kumtenga mama na mwanawe, haifai kujibu kwa haraka. Tulimwomba atupe juma moja, na jawabu tunaliandika hapa, kwa kuwa si yeye peke yake mwenye mtoto wa kusafiri.

Tuanze na jina lenyewe. Neno gâvur huambiwa mtu asiyekuwa Mwislamu, na aghalabu halisemwi kwa heshima. Mji haukujichagulia jina hilo, bali ulibandikwa. Surat al-Hujurat imetukataza kuitana kwa majina ya kejeli, nasi hatuoni vipi lililoharamishwa kwa mtu mmoja lihalalike kwa mji mzima ulio na watu wanaosali, wanaofunga na wanaozikana. Hata hivyo, jina haliji bure. Ili kujua lilikotoka, hatuna budi kuijua bandari ile tangu asili yake.

Izmir iko pwani ya magharibi ya Uturuki, mwisho wa ghuba ndefu ya Bahari ya Aegean. Ni mji wa tatu kwa ukubwa nchini humo, baada ya Istanbul na Ankara, na mkoa wake una watu zaidi ya milioni 4. Nyakati za joto, upepo wa baharini uitwao imbat huingia mchana na kuwaburudisha watu. Jina lake la kale ni Smyrna. Mabaki ya mji wa mwanzo yako mtaa wa Bayraklı. Mji huo ulibomolewa na mfalme wa Lydia yapata miaka 600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Baada ya zama za Alexander wa Makedonia, ukajengwa upya kwenye mteremko wa mlima Pagos, ambao kileleni pake leo pana ngome ya Kadifekale. Mwaka 178 tetemeko la ardhi likauangusha, naye Kaisari Marcus Aurelius wa Roma akatoa msaada wa kuuinua. Mwaka 1688 tetemeko jingine likaua maelfu ya watu. Na juzijuzi tu, tarehe 30 Oktoba 2020, ardhi ilitikisika tena, na watu zaidi ya 110 wakafariki, wengi wao katika Bayraklı hiyohiyo. Kila ulipoanguka, watu walirudi kujenga, kwa sababu ghuba ile ni kimbilio jema la vyombo, na penye bandari njema riziki haikosi njia.

Waislamu walifika mapema. Yapata mwaka 1081, amiri wa Kituruki aitwaye Çaka Bey aliuteka mji huo na kuunda humo merikebu za vita, na Waturuki humhesabu kuwa jemadari wao wa kwanza wa baharini. Baadaye mji ukatoka mikononi mwao, na katika karne ya 14 ukawarudia watawala wa ukoo wa Aydın. Aliyevuma zaidi kati yao ni Umur Bey.

Hapa pana jambo litakalowapendeza wasomaji wetu. Msafiri Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alilala usiku mmoja Mombasa, akawasifu watu wetu kwa dini yao na kuitaja misikiti yao ya mbao iliyojengwa imara, muda si mrefu baada ya hapo alifika Izmir. Aliukuta ni mji mkubwa ambao sehemu yake kubwa ni magofu, ukiwa na ngome mlimani, naye akamsifu Umur Bey kwa ukarimu. Basi miji yetu miwili imekaa katika kitabu kimoja cha safari kwa takriban miaka 700, wala sisi wenyewe hatukupata kujuana.

Mwaka 1344 jeshi la Wakristo wa Magharibi liliiteka ngome ya bandarini, na Waislamu wakabaki na ile ya mlimani. Umur Bey aliuawa mwaka 1348 akijaribu kuirudisha. Kwa miaka 58 mji huo mmoja ulikuwa na ngome mbili zinazotazamana, ya juu ya Waislamu na ya chini ya Wakristo, mpaka Timur alipoivunja ile ya chini mwaka 1402. Katika miaka ya 1420 Waothmani wakautia mji wote chini ya hukumu yao.

Utajiri wenyewe ulikuja karne ya 17. Misafara ya ngamia ilileta hariri ya Uajemi, pamba, mazulia, tini na zabibu kutoka mabonde ya bara, na merikebu za Waingereza, Waholanzi, Wafaransa na Waveneti zikangoja ghubani kuvipakia. Mataifa hayo yaliweka mabalozi wao wadogo na kujenga maghala kando ya maji. Wagiriki na Waarmenia walifanya biashara na ufundi. Mayahudi, ambao mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492 na kupokewa katika dola ya Waothmani, nao walijenga masinagogi yao. Waislamu walikuwa na misikiti yao, na mkubwa kati ya ile ya kale ni Hisar Camii, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 16. Soko la Kemeraltı, ambalo lingali likifanya kazi hadi leo, lina njia kuu iliyopinda, kwa kuwa inafuata ukingo wa bandari ya zamani iliyofukiwa.

Katika karne ya 19 wasiokuwa Waislamu walikuwa wengi mno mjini, na wale wa bara walioshuka kuuza tini wakasikia kengele za makanisa na lugha nyingi wasizozijua. Wakaubandika jina. Nasi wa pwani tusistaajabu, kwani mtu wa bara akishuka bandarini popote pale, huona mchanganyiko na kuudhania kuwa ni uharibifu.

Lakini tazameni alama ambazo ujirani ule umeziacha. Asubuhi hadi leo watu wa Izmir hula boyoz, mkate wa mafuta uliokuja na Mayahudi wa Hispania, na Mwislamu anayetoka msikitini huununua bila kuulizana nasaba na mkate. Mwaka 1907 tajiri mmoja Myahudi, Nesim Levi, alijenga mnara wenye lifti ili watu wa mtaa wa chini wafike mtaa wa juu bila kupanda ngazi 155, na mnara huo, uitwao Asansör, ungali ukifanya kazi. Aliupanda Mwislamu, aliupanda Mgiriki, aliupanda kila mwenye magoti mabovu.

Kisha ikaja siku ya msiba. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, jeshi la Ugiriki liliteremka Izmir tarehe 15 Mei 1919, na damu ikamwagika tangu siku hiyo ya kwanza. Tarehe 9 Septemba 1922 jeshi la Uturuki likaurudisha mji. Siku nne baadaye moto ukazuka. Mitaa ya Waarmenia na Wagiriki iliteketea kwa siku kadhaa. Mamia ya maelfu ya watu walisongamana gatini, nyuma yao moto na mbele yao maji, huku manowari za mataifa makubwa zimetia nanga ghubani, na siku za mwanzo zikawa za kutazama tu. Waandishi wa tarehe wangali wakibishana ni nani aliyewasha moto ule. Sisi hatuna haja ya kungoja jawabu lao ili tuwaonee huruma waliofia pale, wala dini yetu haikutufundisha kumwuliza mtoto anayezama majini wazazi wake wanasali wapi.

Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zikakubaliana kubadilishana watu. Wakristo wa madhehebu ya Orthodox wapatao milioni 1.2 walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, na Waislamu wapatao 400,000 wakaondolewa Ugiriki kupelekwa Uturuki. Kipimo kilikuwa dini, si lugha. Waislamu wa kisiwa cha Crete, ambao wengi wao walisema Kigiriki, waliteremshwa kwenye pwani ambayo maneno ya watu wake hawakuyaelewa. Mtaa ulioungua ukafanywa bustani kubwa mwaka 1936, ndiyo Kültürpark, ambamo yalifanyika maonyesho makubwa ya biashara. Hivyo jina la "mji wa makafiri" likabaki, ilhali wale walioitwa makafiri hawapo tena.

Na sasa tufike kwenye jambo ambalo mama yule hakuliuliza, na ambalo sisi hatuwezi kulinyamazia.

Miongoni mwa Waislamu waliotolewa Crete walikuwamo watu weusi. Na katika vijiji vya mkoa wa Izmir, Torbalı na Tire na Bayındır, wako Waturuki weusi ambao wazee wao walitolewa Afrika wakiwa watumwa, wakafanyishwa kazi majumbani na katika mashamba ya pamba. Ndani ya soko la Kemeraltı lipo jengo zuri la wafanya biashara liitwalo Kızlarağası Hanı, la mwaka 1744. Aliyelijengesha ni Hacı Beşir Ağa, towashi mkuu wa nyumba ya Sultani, Mwafrika aliyetekwa Uhabeshi akiwa mtoto. Alipanda akawa miongoni mwa wenye nguvu kubwa katika dola, lakini alichonyang'anywa utotoni hakikurudi.

Alikuwapo mchonga marumaru wa mji wa Ayvalık, kaskazini ya Izmir, aitwaye Mustafa Olpak, aliyefariki mwaka 2016. Huyu aliandika kitabu juu ya asili ya jamaa zake. Alieleza kwamba wazee wake walitekwa katika nchi ambayo leo ni Kenya, wakauzwa Crete, kisha wakafikishwa Ayvalık na mabadilishano yale ya watu. Mwaka 2006 alianzisha chama cha Waturuki wenye asili ya Afrika, na mwaka uliofuata wakaifufua katika Izmir sikukuu ya wazee wao iitwayo Dana Bayramı, sikukuu ya ndama, iliyokuwa imekoma tangu miaka ya 1920.

Waswahili tunasema, mwacha asili ni mtumwa. Watu hawa hawakuiacha asili, bali waliporwa. Na tuseme kweli, ijapokuwa chungu: biashara ile haikuwa ya mataifa ya Ulaya pekee. Katika njia iliyotoka pwani hii kwenda Bahari ya Shamu na kupanda hadi nchi za Waothmani, waliouza na walionunua wengi walikuwa Waislamu, wenye kusimama safu moja katika sala. Tukilihukumu jina la Izmir, basi tuuhukumu pia mkono uliofunga kamba huku kwetu. Ukafiri wa jina ni mwepesi kuuona. Dhuluma iliyovaa kanzu ndiyo inayotaka macho.

Basi dada yetu, jawabu letu ni hili. Mruhusu mwanao aende. Mji ule una mambo ya kumpoteza kijana, kama ilivyo Mombasa, na una misikiti ya kumhifadhi, kama ilivyo Mombasa. Kitakachomlinda si jina la mji bali kile ulichomtia moyoni mwake, na wenza atakaowachagua mwezi wa kwanza. Mwambie atafute msikiti wa karibu kabla hajatafuta pengine. Mwambie asibishane nao akiona hawasomi kunuti alfajiri na wanaitikia amin kwa sauti ya chini: wao ni Mahanafi nasi ni Mashafii, na maimamu wote wawili wana hoja zao. Mwambie akupigie simu kila Ijumaa, nawe usimpokee kwa kilio.

Tulimsomea mama maneno haya kabla ya kuyapeleka kuchapwa. Alisikiliza hadi mwisho, akiwa amejifunika mdomo kwa ukaya wa buibui. Kisha akauliza neno moja tu: "Na hao watu wetu wa huko vijijini, Maalim, akikutana nao awaambie nini, na wao Kiswahili hawakijui?"

Tukamjibu: awape salamu, wataiitikia. Kisha awatajie anakotoka, na anyamaze awasikilize.

Wabillahi tawfiq.